Miondoko ya Mdundo na Ufungamanishaji wa Refleksi katika Tiba ya Kiwewe: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Mwongozo huu unawahusu wanasaikolojia, wanasihi na wataalamu wa tiba kwa vitendo ambao tayari wanahudumia watu wenye kiwewe, na ambao wangependa kuingiza miondoko ya mdundo, yaani mijongeo midogo ya mwili inayorudiwa kwa kasi moja, katika kazi yao bila kumdhuru mteja. Mteja mwenyewe anaweza pia kuusoma, ili ajue atarajie nini, ana haki ya kukataa nini, na kipi hakipaswi kufanywa juu ya mwili wake. Haukuandikwa ili mtu mwenye kiwewe kizito ajitibu peke yake.

Mahali pa njia hii katika tiba

Shirika la Afya Duniani, katika miongozo yake ya mwaka 2013 kuhusu maradhi yatokanayo na msongo, lilipendekeza tiba za kisaikolojia zinazolenga kiwewe chenyewe: tiba ya utambuzi na tabia, pamoja na ile ya mwendo wa macho (EMDR) ambayo mwanasaikolojia Francine Shapiro alianza kuikuza mwaka 1987. Miondoko ya mdundo haimo katika mapendekezo hayo, na ushahidi wa kitafiti kuhusu ufungamanishaji wa refleksi, yaani mazoezi yanayolenga kutuliza miitikio ya mwili ya utotoni kwa kuirudia kwa utaratibu, kwa watu wenye kiwewe ni mchache. Mtaalamu mwaminifu atamweleza mteja jambo hilo tangu mwanzo, kisha ataitumia njia hii kama maandalizi na tegemeo la tiba kuu, hasa kwa mteja ambaye kila akianza kusimulia hutetemeka, huduwaa au hukimbia kikao.

Sababu ya kuitumia inaonekana katika sura ya maradhi yenyewe. Uainishaji wa kimataifa wa magonjwa, toleo la 11, ulioanza kutumika rasmi Januari 2022, unataja makundi matatu ya dalili: tukio kumrudia mtu kana kwamba linatokea sasa, kukwepa kila kinachokumbusha tukio hilo, na hisia ya kudumu kwamba hatari ingalipo. Kundi hili la tatu, ambamo mtu hushtuka kupita kiasi na hukaa chonjo usiku na mchana, halisikii hoja. Unaweza kumthibitishia mteja kwamba mlango umefungwa na kwamba aliyemdhuru yuko mbali, naye akakubaliana nawe kabisa, huku mabega yake yakiendelea kukakamaa. Hapo ndipo mwondoko unaporudiwa kwa kasi moja unaweza kusaidia, kwa kuwa unampa mwili kitu kinachotabirika, kinachoanza na kukoma kwa amri ya mwenye mwili.

Miondoko hii kwa sura inayojulikana leo ilitoka Uswidi. Kerstin Linde aliibuni kutokana na mijongeo ambayo watoto wachanga huifanya wenyewe, na daktari wa magonjwa ya akili Harald Blomberg, aliyejifunza kwake katika miaka ya 1980, ndiye aliyeipanga na kuisambaza. Kuhusu mdundo wenyewe, watafiti wa Geneva walionyesha mwaka 2011 kwamba watu waliolala mchana juu ya kitanda kilichobembea polepole, mara moja katika kila sekunde nne, walipata usingizi haraka zaidi kuliko walipolala juu ya kitanda kisichosogea. Utafiti wa mwaka 2014 ulioongozwa na daktari wa magonjwa ya akili Bessel van der Kolk uliwahusisha wanawake 64 wenye maradhi sugu ya msongo baada ya kiwewe. Baada ya wiki 10 za yoga iliyorekebishwa kwa ajili yao, 16 kati ya 31 hawakuwa tena na vigezo vya maradhi hayo, ikilinganishwa na 6 kati ya 29 waliopewa elimu ya afya. Yoga si miondoko tunayoizungumzia hapa. Matokeo hayo, hata hivyo, yanaipa nguvu hoja ya kwamba mwili una nafasi katika tiba ya kiwewe.

Refleksi, na tahadhari kuhusu madai yake

Refleksi za utotoni ni miitikio ambayo mtoto huzaliwa nayo au huipata katika miezi ya mwanzo, ikiongozwa na uti wa mgongo na shina la ubongo. Refleksi ya Moro, ambayo daktari wa watoto Ernst Moro aliieleza mwaka 1918, hutokea kichwa cha mtoto kinapoanguka nyuma kidogo kwa ghafla: hutupa mikono nje, kisha huikusanya kifuani na mara nyingi hulia. Kwa kawaida hufifia kati ya mwezi wa 3 na wa 6. Refleksi ya shingo isiyolingana, inayonyoosha mkono wa upande ulikogeukia uso na kuukunja ule wa upande wa kisogo, hufifia takriban katika kipindi hicho hicho. Ile inayolingana huja baadaye, mtoto anapojiandaa kutambaa. Refleksi hizi hazing'olewi. Sehemu za juu za ubongo huzizuia, na ndiyo maana baadhi yake huweza kujitokeza tena kwa mtu mzima aliyeumia sehemu ya mbele ya ubongo.

Wanaofundisha ufungamanishaji wa refleksi hudai kwamba kiwewe huweza kuzizuia zisifungamane vizuri au kuziamsha upya, na kwamba kurudia mijongeo ya utotoni kwa utaratibu huukamilisha ukuaji uliokwama. Jaribio linalotajwa sana lilichapishwa mwaka 2000 katika jarida la kitabibu la The Lancet, likihusu watoto 60 wenye matatizo ya kusoma. Lilionyesha manufaa, lakini kuhusu usomaji, si kiwewe. Ushauri wangu ni kuyachukua madai hayo kama dhana ya kufanyia kazi. Mshtuko wa mtu mzima haufanani hata kwa umbo na refleksi ya Moro: mtu mzima hufumba macho, huinua mabega na kujikunja, wakati mtoto hujifungua kwanza. Kumwambia mteja kwamba ubongo wake umebaki wa kitoto ni kumbebesha aibu nyingine juu ya ile aliyokuja nayo. Mwambie tu kwamba mwili wake umejifunza kushtuka haraka kwa sababu ulihitaji kufanya hivyo, na kwamba unaweza kujifunza mwendo mwingine.

Hatua ya kwanza: chuja anayefaa

Uliza kuhusu afya kabla ya kumlaza mtu sakafuni. Kifafa, jeraha la shingo au mgongo, upasuaji wa karibuni, ugonjwa wa moyo, kizunguzungu cha mara kwa mara, tatizo la retina au shinikizo la jicho, na ujauzito, vyote vinahitaji kauli ya daktari kwanza. Kwa upande wa akili, usianze na mtu anayesikia sauti au kuona visivyopo, anayefikiria kujiua kwa sasa, au anayeishi bado mikononi mwa anayemdhuru. Huyu wa mwisho anahitaji usalama. Kumfundisha kulegea ndani ya nyumba ya hatari kunaweza kumwondolea tahadhari inayomlinda.

Mteja anayepotewa na fahamu za mahali na wakati, yaani anayeduwaa ghafla na baadaye hakumbuki kilichotokea, anahitaji uangalifu wa pekee. Hazuiwi moja kwa moja, lakini aanze akiwa ameketi, macho wazi, na mwondoko wa miguu peke yake.

Hatua ya pili: makubaliano na ishara ya kusimama

Hatua hii huchukuliwa kuwa utangulizi, na wengi huimaliza kwa dakika mbili. Kwa maoni yangu ndiyo yenye uzito kuliko zote, kwa kuwa katika tukio lililomjeruhi mteja, jambo alilonyang'anywa ni uwezo wa kusema basi na kusikilizwa. Akisimamisha zoezi nawe ukasimama papo hapo, bila kuuliza kwa nini na bila kumshawishi amalizie, umempa jambo ambalo hakuna zoezi la refleksi linaloweza kulitoa.

Mkubaliane neno moja na ishara moja ya mkono. Vyote viwili vinahitajika, kwa maana mtu anayeganda kwa hofu mara nyingi hupoteza sauti kabla ya kupoteza mkono. Kisha muijaribu ishara hiyo mara kadhaa kabla hakijatokea chochote: anza kuhesabu kwa sauti, naye akusimamishe anapotaka. Mteja ambaye hawezi kukusimamisha hata katika jaribio lisilo na uzito hayuko tayari kuguswa, na kazi ya vikao vya mwanzo itakuwa hiyo hiyo ya kujifunza kusema hapana.

Eleza kila mwondoko kwa maneno, kisha uuonyeshe kwa mwili wako mwenyewe, kisha umwulize kama angependa kuujaribu. Mguso usiwe jambo la kawaida katika mpango wako. Karibu miondoko yote iliyo hapa mteja anaweza kuifanya mwenyewe, na pale ambapo walimu wa njia hii humsukuma mteja kwa mikono, mimi hupendelea mteja ajisukume. Ikiwa mguso unahitajika kweli, ombi lake litolewe upya kila kikao, litaje mahali utakapogusa na muda utakaotumia, na ruhusa ya wiki iliyopita isihesabiwe kuwa ruhusa ya leo.

Hatua ya tatu: chumba

Mkeka au godoro gumu, blanketi, mto mdogo na kiti imara vinatosha. Mteja achague kichwa chake kielekee wapi. Wengi hupenda kuuona mlango. Wewe keti chini, upande anakoweza kukuona, wala usisimame juu yake wala kukaa miguuni pake.

Hatua ya nne: chukua hali ya mwanzo

Mwombe mteja akadirie msukosuko wake kwa namba, 0 ikiwa utulivu kamili na 10 ikiwa hofu isiyovumilika, kisha andika. Tazama pumzi inafika wapi, kama ni kifuani juu au tumboni. Taya limekazwa au la. Miguu imegusa sakafu sawasawa au imening'inia. Uliza kuhusu usingizi wa usiku uliopita na idadi ya mara aliposhtuka. Taarifa hizi za kawaida ndizo zitakazokuonyesha baadaye kama kuna mabadiliko.

Ukitaka kuzitazama refleksi, chagua kipimo kisichotisha. Kwa refleksi ya shingo isiyolingana, mteja hukaa kwa mikono na magoti, viwiko vikiwa vimelegea kidogo, kisha mwenyewe hugeuza kichwa polepole kulia na kushoto huku ukiangalia kama kiwiko cha upande wa kisogo kinajikunja. Jua hata hivyo kwamba uchovu, maumivu ya bega na wasiwasi wa kutazamwa huweza kuleta sura hiyo hiyo. Kipimo cha Moro ambamo mtu huachiliwa aanguke nyuma mikononi mwa mtaalamu kisifanywe kamwe kwa mtu mwenye kiwewe, hata akikubali. Kipimo hicho huamsha hofu kwa makusudi, na hakikuambii lolote ambalo hukulijua kwa kumtazama anavyoshtuka mlango unapofungwa.

Hatua ya tano: miondoko ya kuanzia

Anza na mmoja tu, kwa dakika moja, hata kama mteja anatamani zaidi. Kasi iwe karibu na mapigo ya moyo uliotulia, yaani takriban tendo moja kwa sekunde, na ipungue ikiwa anahisi kichefuchefu. Dumisha kasi ile ile. Mwondoko unaobadilika-badilika humfanya mtu asubiri kitakachofuata, na huko kusubiri ndiko anakotaka kuepukana nako.

Ulio salama kuliko wote ni wa miguu. Mteja hulala chali au huketi sakafuni, miguu imenyooshwa na kuachana kwa upana wa mabega, kisha huzungusha nyayo ndani mpaka vidole gumba vya miguu vikaribiane, na nje tena. Nguvu itoke nyongani, magoti yabaki yamelegea. Asiyependa kulala aufanye akiwa kitini, visigino sakafuni.

Unaofuata ni wa kujisukuma kwa urefu wa mwili. Akiwa amelala chali, mteja huvuta vidole vya miguu kuelekea magotini na kuviachia, na mwili mzima huteleza kidogo juu na chini mpaka kichwa kiiname na kuinuka kwa udogo sana, kama cha anayekubali jambo. Wengi hupiga miayo hapa, au hushusha pumzi ndefu bila kukusudia. Yupo pia anayeona mwondoko huu ukimkosesha raha, kwa sababu kidevu kinachocheza humfanya ahisi hana mamlaka juu ya kichwa chake. Mwekee mto, au urudi kwenye ule wa kwanza.

Wa tatu hufanywa kifudifudi: paji la uso juu ya viganja, nyonga zikiyumba kulia na kushoto. Kwa baadhi ya watu, tumbo linapogusa sakafu hutulia, kwa kuwa sehemu laini ya mwili imefunikwa. Kwa wengine, hasa waliodhulumiwa kingono, kulala kifudifudi huku hawamwoni aliye nyuma yao ni hofu tupu. Vivyo hivyo kwa mwondoko wa kulala chali magoti yakiwa yameinuliwa na kiuno kikiinamishwa mbele na nyuma. Vitabu vya mazoezi huupanga mapema. Mimi huuacha nje kabisa mpaka mteja auombe. Badala yake, mlaze ubavu, ajikunje na kujiyumbisha taratibu, blanketi likiwa mgongoni.

Kubembea kwa mikono na magoti, matako yakienda kukutana na visigino na kurudi, huja baada ya mteja kuizoea ile ya mwanzo. Humsaidia hasa yule aliyeduwaa, kwani mikono inabeba uzito na humrudishia hisia ya kuwa na nguvu.

Kila baada ya dakika moja, simama. Mapumziko yawe marefu kama mwondoko wenyewe au zaidi, maana mabadiliko ya pumzi na joto la mikono huonekana katika utulivu unaofuata. Uliza swali moja lisilo na majibu ndani yake: unaona nini sasa katika mwili wako? Jibu la "sioni kitu" ni jibu halali.

Hatua ya sita: soma ishara na ujue la kufanya

Daktari wa magonjwa ya akili Daniel Siegel mwaka 1999 alileta picha ya dirisha la uvumilivu, yaani ule upana wa msisimko ambamo mtu anaweza kuhisi na kufikiri kwa wakati mmoja. Juu ya dirisha kuna hofu na hasira. Chini yake kuna ganzi na kuduwaa. Kazi yako katika kikao ni kumweka mteja ndani ya dirisha, na kuutambua mpaka kabla hajauvuka.

Anayepanda juu hupumua haraka, hutoa jasho viganjani, macho yake huruka huku na huku, na mwondoko wake huongezeka kasi bila yeye kujua. Hiyo kasi ni dalili ya mapema kuliko zote, nami huitazama kabla ya uso. Punguza ukubwa wa mwondoko hadi ubaki wa vidole vya miguu tu, au usimamishe, umketishe, macho wazi, ageuze shingo taratibu na kutaja vitu anavyoviona chumbani. Mwelekeze arefushe pumzi ya kutoka kuliko ya kuingia. Moyo hupunguza kasi kidogo mtu anapotoa pumzi, kupitia neva ya vagasi inayounganisha ubongo na moyo, na jambo hilo halitegemei kama ameliamini.

Anayeshuka chini ni mgumu kumwona, kwa kuwa anafanana na mtu aliyetulia. Macho yanakuwa ya kioo, sauti inafifia, majibu yanachelewa, mikono inapoa. Mtaalamu asiye na uzoefu hufurahi, akidhani mdundo umefanya kazi. Ukishuku, mwite kwa jina na kumwuliza jambo dogo la sasa, kwa mfano rangi ya ukuta. Akichelewa kujibu, achana na kulala na kubembea; mwinue, asukume ukuta kwa viganja, apige nyayo sakafuni, anywe maji. Usiendelee na mdundo laini, kwani huweza kumzamisha zaidi.

Kutetemeka, machozi na vicheko vya ghafla hutokea. Walimu fulani huvichochea kama ushahidi kwamba kiwewe kinatoka mwilini, na hapo tunatofautiana. Mtetemo unaokuja wenyewe na kupita ndani ya dakika chache, mteja akiwa anaongea nawe, uache upite. Ule unaokua mpaka mteja hakuoni tena ni ishara ya kusimama.

Hatua ya saba: kuzikabili refleksi zenyewe

Hatua hii isianze mpaka mteja awe na vikao kadhaa ambavyo anaingia na kutoka katika miondoko ya kuanzia bila msukosuko kupanda. Kwa mshtuko ambao wafundishaji wa njia hii huuhusisha na Moro, mazoezi hutumia kujifungua na kujifunga kwa utaratibu. Mteja hukaa kitini au juu ya mto mkubwa, huvuta pumzi na kufungua mikono polepole kwa hesabu ya saba, hutulia, kisha huikunja kifuani kwa hesabu ile ile akitoa pumzi. Mara tatu au nne zinatosha. Ukubwa wa kufungua uamuliwe na yeye, hata kama mikono inaachana kwa upana wa shubiri moja tu. Lengo ni kwamba mjongeo ambao kwa kawaida humtokea kwa ghafla sasa anaufanya kwa hiari, na anaujua mwisho wake.

Namna nyingine ni kusukumana bila kusogea: mteja huvuka mikono kifuani, viganja juu ya mabega, kisha husukuma viwiko juu kidogo dhidi ya uzito wa mto alioushika mtu mwingine au dhidi ya meza, kwa nguvu ndogo, sekunde tano hadi saba, na kuachia. Kuachia ndiko kunakofundisha. Anayetumia nguvu zote amekosa maana ya zoezi.

Kuhusu kuganda, wafundishaji wa njia hii huitaja refleksi ya kupooza kwa hofu ambayo wanasema huanza tumboni mwa mama. Lililo na ushahidi thabiti zaidi ni kuganda kwa mtu mzima wakati wa shambulio. Katika utafiti wa Stockholm, Uswidi, uliochapishwa mwaka 2017, kati ya wanawake 298 waliofika katika kliniki ya dharura ya waliobakwa, asilimia 70 walieleza kuganda kwa kiwango kikubwa. Mweleze mteja jambo hili kabla ya zoezi lolote, maana wengi wamebeba kwa miaka mingi swali la kwa nini hawakupigana. Kisha mwondoko uwe mdogo mno: kidole kimoja cha mguu, halafu kifundo, halafu goti, akitazama jinsi mwili unavyotoka katika kutosogea kwenda kusogea kwa uamuzi wake.

Kwa refleksi ya shingo isiyolingana na nyinginezo, mazoezi ya kutambaa polepole na ya kugeuza kichwa huku mikono ikibaki imara hayana madhara, ila sioni sababu ya kuyatanguliza katika tiba ya kiwewe. Yanafaa zaidi pale mteja ana shida ya uratibu wa viungo iliyokuwapo tangu utotoni.

Hatua ya nane: kufunga kikao na kazi ya nyumbani

Acha dakika 10 za mwisho bila mwondoko wowote mpya. Mteja aketi, achukue namba ya msukosuko tena, ataje siku na mahali atakapoelekea. Asiondoke akiwa na namba iliyo juu ya ile aliyokuja nayo, na asiendeshe gari mara moja ikiwa amesinzia.

Nyumbani, apewe mwondoko mmoja tu ambao tayari umemtuliza mbele yako, kwa dakika mbili hadi tano kwa siku, na ajue ruhusa ya kuuacha. Kabla ya kulala ni wakati mzuri kwa wengi. Kwa anayeota ndoto za kutisha, ni heri alasiri kwanza, mpaka ijulikane usiku wake unaitikiaje. Katika daftari aandike mambo machache: muda wa usingizi, mshtuko, na hali baada ya zoezi. Usingizi ukiharibika au hasira ikizidi kwa siku tatu mfululizo, apunguze muda kwa nusu au aache na kukupigia.

Mtoto hahitaji maelezo haya yote. Ugeuze mwondoko kuwa mchezo, mzazi au mlezi anayemwamini awepo na afanye naye, na mtoto ndiye atoe amri ya kuanza na kusimama. Mtoto akikataa, hiyo ndiyo amri yenyewe.

Kuunganisha na tiba kuu

Mteja anapoweza kushusha msukosuko wake mwenyewe, kazi ya kumbukumbu inaweza kuanza, kwa mikono ya aliyefunzwa kuifanya. Mwondoko wa miguu kitini unaweza kuendelea chini ya mazungumzo, ukimsaidia kubaki chumbani huku akitaja jambo zito. Angalia tu usigeuke kuwa kizuizi: mteja ambaye kila swali likikaribia tukio anaomba kulala na kubembea amepata njia mpya ya kukwepa, na kukwepa ni sehemu ya maradhi. Mwonyeshe hilo kwa upole, kisha mpange sentensi moja ya simulizi, mwondoko kidogo, na sentensi nyingine.

Ikiwa baada ya wiki nane hakuna mabadiliko katika usingizi, mshtuko wala namba, usiongeze mazoezi ya refleksi kwa matumaini. Mpeleke kwa mtoa tiba inayolenga kiwewe moja kwa moja, na ikiwa kuna mawazo ya kujiua, mpeleke siku hiyo hiyo. Katika barua ya rufaa, kwa ridhaa yake, eleza ni mwondoko gani ulimtuliza, ni mkao gani ulimtisha, na ishara yake ya kusimama ni ipi, ili mtaalamu anayempokea asianze kwa kumuuliza upya yale ambayo mwili wake ulikwisha kuyasema.